Mche Hauachishwi Kivuli kwa Siku Moja

Leo tutajifunza jambo moja tu, nalo ni hili: mmea uliolelewa kivulini hautolewi juani kwa siku moja. Hutolewa kidogo kidogo mpaka uzoee.

Pengine utasema, "Hilo nalo ni somo? Nani asiyejua kwamba jua huunguza?" Na sisi tulisema hivyo hivyo. Kumbe tulikuwa tunajua kwa kusikia tu. Siku tulipopata hasara ndipo tulipojua kweli. Kwa hiyo kwanza tutawaeleza yaliyotupata, tena bila kuficha, maana kosa lilikuwa letu sisi walimu.

Soma polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwisho wa somo kuna maswali na hesabu.

1. YALIYOTUPATA

Mwaka 2017 tulikuwa na darasa la watu wazima katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara. Wanakisomo walikuwa 20, wengi wao kina mama. Walipokwisha kujua kusoma na kuandika walituambia, "Walimu, sasa tufanye kazi, tuone elimu hii inatusaidiaje." Wakaamua kuwa na kitalu cha kahawa. Hesabu ilikuwa rahisi: miche 400, watu 20, kila mtu miche 20.

Kazi ilifanyika kweli kweli. Walileta udongo mzuri wa juu, wakauchanganya na samadi iliyooza, wakajaza viriba. Juu ya kitalu wakajenga paa la fito na nyasi. Walimwagilia kwa zamu, na majina ya zamu waliyaandika wenyewe katika daftari la kikundi.

Ilipofika Februari 2018, miche ilikuwa imependeza. Majani yalikuwa mapana, ya kijani kibichi, yanang'aa. Masika yalikuwa karibu. Basi tukaletewa habari kwamba Jumatano atakuja mgeni kukitazama kitalu. Tukaingiwa na tamaa ya sifa. Tukasema, "Paa hili linaficha miche. Litoeni, mgeni aione vizuri. Tena itazoea jua kabla ya kupandwa." Jumatatu asubuhi paa likatolewa lote.

Mgeni hakuja. Lililokuja ni jua.

Mchana wa siku ile ile majani yalilala. Jioni tukamwagilia, yakainuka kidogo, tukafurahi. Jumanne yakalala tena. Jumatano tukaona mabaka meupe juu ya majani. Wiki ilipokwisha, mabaka yale yalikuwa ya kahawia na makavu kama karatasi iliyopitiwa na moto. Wengine wakasema ni ugonjwa. Wengine wakanong'ona kwamba kuna mtu mwenye kijicho. Sisi tukaamuru maji yaongezwe, asubuhi na jioni. Wapi! Mvua zilipoanza, miche iliyokuwa hai ilikuwa 120 tu. Kila mwanakisomo akapata miche 6 badala ya 20.

Ifikirie hasara hiyo. Mche wa kahawa hukaa kitaluni miezi mingi, hata kukaribia mwaka. Ukishapandwa shambani, husubiriwa miaka miwili au mitatu ndipo uanze kutoa mavuno ya maana. Mama mmoja alikuwa ameandika katika daftari lake, kwa mkono wake mwenyewe: "Kahawa miche 20. Bati za nyumba." Tulimwona akiikata ile 20 kwa mstari na kuandika 6. Hakutulaumu, lakini tuliona haya kumtazama.

Sasa sikilizeni habari ya bibi mmoja wa darasa lile lile. Mwezi wa Desemba, tulipokuwa tunapanga viriba, tulitoa kando miche 10 iliyokuwa dhaifu. Tulitaka kuitupa. Bibi akaiomba, akaibeba kwenye ungo mpaka kwake. Masika yalipoanza tukapita nyumbani kwake. Tukakuta miche 9 imesimama juani, ina afya, majani yake ni magumu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibuni, walimu."

"Bibi, hii ndiyo ile miche tuliyoikataa?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Umeifanyaje?"

Bibi akacheka. Akatuonyesha makopo ya maua yaliyopangwa barazani. "Naifanya kama maua yangu haya. Kwanza ilikaa hapa barazani. Nikaipeleka chini ya mgomba. Nikaisogeza pembeni mwa mgomba, ipate jua la asubuhi, na jua likipanda kivuli kiifunike. Halafu nikaisogeza tena. Sasa nyie walimu, mtoto huachishwa ziwa siku moja?"

Hatukuwa na la kujibu. Tulirudi tukavisoma vitabu vya kilimo, tukamwuliza na Bwana Shamba. Tukakuta bibi alifanya sawasawa kabisa. Somo la leo linaeleza kwa nini alifanya sawa, na namna wewe nawe unavyoweza kufanya.

2. JANI LA KIVULINI NA JANI LA JUANI

Kwanza fanya jaribio dogo. Nenda kwenye mti mkubwa, kwa mfano mwembe. Chuma jani moja lililokomaa kutoka nje ya mti, mahali panapopigwa na jua. Chuma jingine lililokomaa kutoka ndani kabisa, kwenye kivuli. Yaweke mkononi na uyapapase. Utaona kwamba jani la kivulini mara nyingi ni pana zaidi, jembamba na laini. Jani la juani ni gumu na nene. Mti ni ule ule mmoja, lakini majani hayafanani.

Kwa nini? Jani ni jiko la mmea. Humo ndimo mmea unamopika chakula chake, kwa kutumia mwanga wa jua, maji na hewa. Jani lililo kivulini hupata mwanga kidogo, kwa hiyo hutandaa na kuwa jembamba ili likusanye mwanga mwingi iwezekanavyo. Jani lililo juani lina mwanga wa kutosha. Kazi yake nyingine ni kujilinda, kwa hiyo ngozi yake huwa nene.

Sasa mche umelelewa chini ya paa. Majani yake yote ni majani ya kivulini. Ukiutoa ghafla juani, mambo matatu hutokea.

Jambo la kwanza ni kuungua. Mwanga unazidi nguvu ya jani. Ile rangi ya kijani, ambayo ndiyo mpishi wa chakula, huharibika. Hapo ndipo unapoona mabaka meupe au ya manjano. Baadaye mabaka hukauka na kuwa ya kahawia.

Jambo la pili ni kiu. Jani lina vitundu vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Maji hutoka humo kama mvuke. Juani na penye upepo maji hutoka upesi, na mizizi michache iliyomo ndani ya kiriba haiwezi kuleta mengine kwa haraka hiyo. Basi jani hulala.

Jambo la tatu ni unyonge wa shina. Mche uliolelewa kivulini hurefuka kwa kutafuta mwanga. Shina lake huwa refu na laini. Upepo ukivuma, mche huyumba, huinama, na wakati mwingine huvunjika.

Kumbuka neno hili: jani lililoungua halirudi kuwa kijani. Mmea ukipona, hupona kwa majani mapya. Ndiyo sababu maji yetu hayakusaidia. Maji huondoa kiu, hayaondoi alama ya kuungua. Tena maji yakizidi ndani ya kiriba, mizizi hukosa hewa na kuoza. Tuliongeza kosa juu ya kosa.

Lakini ukiutoa mche kidogo kidogo, majani yake ya zamani hujikaza kiasi, na majani mapya yanayochipua huzaliwa yakiwa ya juani tangu mwanzo. Hapo ndipo mche unapokuwa tayari kwenda shambani. Kazi hii huitwa kuzoesha miche, na wengine husema kukomaza miche.

3. WATU WA NCHI ZA BARIDI NAO HUFANYA KAMA BIBI

Bibi alisema aliifanya miche kama maua yake ya kopo. Neno hilo lina ukweli mkubwa kuliko tulivyodhani. Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini kuna watu wengi wanaofuga mimea ya nchi za joto ndani ya nyumba zao. Huko miezi ya Desemba, Januari na Februari ni miezi ya baridi kali. Maji huganda yakawa barafu. Mmea wa nchi ya joto ukiachwa nje hufa. Kwa hiyo hukaa ndani, karibu na dirisha.

Ikifika Juni, Julai na Agosti, kwao ni majira ya joto. Mwezi wa Juni katika mji wa London mchana ni mrefu, zaidi ya saa 16. Sisi huku, mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima. Basi wenye mimea huitoa nje ipate mwanga, mvua na hewa. Na hapo ndipo wengi wao hupata hasara kama yetu. Chumba, hata kikionekana cheupe, mwanga wake ni mdogo sana ukilinganisha na mwanga wa nje. Jani lililokua chumbani ni jani la kivulini. Anayeutoa mmea wake Jumamosi asubuhi na kuuweka katikati ya ua, Jumapili jioni hukuta mabaka meupe.

Wale wenye uzoefu hufanya hivi. Kwanza husubiri mpaka baridi ya usiku iishe. Halafu huuweka mmea nje mahali penye kivuli, chini ya mti au upande wa nyumba usiopigwa na jua. Baada ya wiki moja au zaidi huusogeza upate jua la asubuhi. Polepole, mpaka uzoee. Joto likianza kupungua huurudisha ndani kabla usiku haujawa wa baridi.

Tena katika mimea hiyo umo na mkahawa. Ndiyo, mkahawa huu huu! Huko huuzwa ukiwa mdogo ndani ya chungu, na watu huuweka sebuleni kwa uzuri wa majani yake. Asili ya kahawa ya arabika ni misitu ya milimani ya Ethiopia, chini ya miti mikubwa. Huzoea jua, lakini hutaka kuzoeshwa. Kama ni sebule ya London, kama ni kitalu cha Usambara, jani ni lile lile.

Je, kila mmea huzoea jua? Hapana. Katika misitu ya Usambara kuna ua dogo la rangi ya zambarau, lenye majani ya manyoyamanyoya. Huota chini ya miti, kwenye miamba yenye unyevu. Mwaka 1892, wakati wa utawala wa Wajerumani, ofisa wao mmoja wa huku Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka ua hilo kwao Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland, alilieleza kwa maandishi na kulipa jina la kitaalamu kwa kufuata jina la ofisa yule. Leo linafugwa madirishani katika nchi nyingi, na Wajerumani hulitaja mpaka leo kwa jina la Usambara. Ua hili halivumilii jua kali hata ulizoeshe namna gani. Na huku kwetu msituni, mahali miti ya juu inapokatwa, ua hili nalo hutoweka, maana paa lake limeondolewa.

Kwa hiyo kabla ya kuutoa mmea wowote juani, uliza kwanza: kwao ni wapi? Chini ya miti, au uwandani?

4. NAMNA YA KUZOESHA MICHE YA MBOGA

Tuanze na nyanya na kabichi, kwa sababu wakulima wengi huziatika. Miche hii huwa tayari kupandikizwa baada ya wiki 4 mpaka 6 tangu kusia mbegu. Kuizoesha huchukua siku 7 mpaka 10. Fuata mpango huu:

Siku ya 1 na ya 2: Ondoa kivuli tangu saa 1 mpaka saa 3 asubuhi. Halafu kirudishe.

Siku ya 3 na ya 4: Ondoa kivuli tangu saa 1 mpaka saa 4 asubuhi. Jioni kiondoe tena kuanzia saa 10.

Siku ya 5 na ya 6: Acha wazi asubuhi mpaka saa 5. Funika saa za jua la utosi. Jioni kiondoe tena kuanzia saa 9.

Siku ya 7 na ya 8: Funika saa 6 mpaka saa 8 mchana tu.

Siku ya 9 na ya 10: Acha wazi mchana kutwa.

Mpango huu si sheria ya serikali. Kama siku zina mawingu, miche itaonekana kuvumilia upesi, lakini usidanganyike. Mawingu yakiondoka, jua litaikuta bado laini. Kama jua ni kali mno, ongeza siku. Tazama miche yenyewe. Yenyewe ndiyo itakayokuambia.

5. NAMNA YA KUZOESHA MICHE YA KAHAWA

Kahawa hutaka muda mrefu zaidi. Anza kiasi cha wiki 8 kabla ya siku ya kupanda. Ligawe paa la kitalu katika mafungu manne.

Mwanzo wa wiki ya 1: Ondoa robo ya nyasi au matawi ya paa. Usiondoe upande mmoja wote. Punguza hapa na pale, ili jua lipenye kama kwenye chekecheke.

Mwanzo wa wiki ya 3: Ondoa robo ya pili. Sasa imebaki nusu.

Mwanzo wa wiki ya 5: Ondoa robo ya tatu.

Mwanzo wa wiki ya 7: Ondoa yote iliyobaki. Miche ikae juani wiki mbili za mwisho.

Ukitaka kujua uanze lini, hesabu kurudi nyuma toka mwanzo wa mvua. Milima ya kaskazini, ambako masika huanza Machi, kazi hii huanza Januari. Kule Mbinga na Mbozi, ambako mvua huanza Novemba au Desemba, kazi huanza Septemba au Oktoba.

Mwingine atauliza, "Mimi napanda kahawa yangu katikati ya migomba. Kivuli kipo. Kuna haja gani ya kuzoesha?" Swali zuri. Kama shamba lako lina migomba mingi, miche haitapata jua lote, kwa hiyo huna haja ya kuiacha wazi kabisa. Lakini kivuli cha migomba si kama kivuli cha paa. Kina matundu, upepo unapita, na majani ya mgomba huchanika. Basi zoesha mpaka robo ya tatu, ndipo upande.

6. MAJI, MBOLEA NA MIZIZI

Wakati wa kuzoesha jua, mche huzoeshwa na kiu pia. Kama ulikuwa unamwagilia kila siku, sasa mwagilia siku moja na kuacha siku moja. Usiache mpaka miche inyauke na kushindwa kuinuka. Nia ni kuifanya iwe imara, si kuitesa.

Katika wiki za mwisho usiweke mbolea ya chumvichumvi ya kukuzia majani. Mbolea hiyo huleta majani mengi mapya na laini, na laini ndiyo huungua kwanza.

Inua kiriba kimoja utazame chini yake. Mara nyingi utakuta mizizi imetoboa ikaingia ardhini. Ukiisubiri mpaka siku ya kupanda, utaikata yote siku ile ile ambayo mche unahitaji maji zaidi. Kwa hiyo inua viriba na ukate mizizi iliyotoka nje mapema, kabla hujaanza kupunguza kivuli. Mwagilia vizuri, uache miche ipumzike chini ya paa kwa wiki mbili hivi. Ndani ya kiriba mizizi mingine itachipua.

7. SIKU YA KUPANDA

Kazi yote hii inaweza kupotea kwa saa moja siku ya kupanda. Angalia sana mambo haya:

(a) Mwagilia miche vizuri siku moja kabla, udongo ushikamane na mizizi.

(b) Panda siku ya mawingu au jioni kuanzia saa 10. Usipande saa 6 mchana.

(c) Wakati wa kubeba, weka miche kivulini. Miche mingi hufia njiani, juu ya baiskeli au pikipiki, kwa upepo.

(d) Toa kiriba chote. Usipande mche na kiriba chake.

(e) Udongo uwe sawa na pale shina lilipokuwa kitaluni. Usizike shina.

(f) Weka matandazo ya nyasi kavu kuzunguka mche, lakini yasiguse shina.

(g) Kwa wiki za kwanza, chomeka matawi machache upande wa magharibi wa mche. Jua la mchana na la jioni ndilo kali, nalo hutoka upande huo.

8. DALILI ZA KUTAZAMA

Kila jioni pita kitaluni. Majani yakilala mchana, lakini jioni yakainuka yenyewe, usiogope. Mche unajifunza. Yakiwa bado yamelala asubuhi ya pili, rudisha kivuli kidogo na utazame kama udongo una maji.

Ukiona mabaka meupe upande wa jani unaotazama jua, umekwenda mbio mno. Rudi nyuma hatua moja, ukae hapo siku kadhaa. Usiyang'oe majani yote yaliyoungua. Sehemu iliyobaki kijani bado inaulisha mche.

Lakini ukiona mabaka hata kwenye majani yaliyofichwa na wenzake, au unga wa rangi ya chungwa chini ya majani, hilo si jua. Huo huenda ni ugonjwa. Mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba mapema.

9. MWISHO WA HABARI YETU

Ndugu msomaji, huenda ungependa kujua kikundi kile kilifikia wapi. Mwaka uliofuata wanakisomo wale waliatika tena. Safari hii hatukuamuru sisi. Bibi ndiye aliyesimamia paa, na mama yule wa daftari aliandika tarehe ya kila robo iliyoondolewa. Tulipofika na kusema miche inaonekana tayari, mama yule alifungua daftari akasema, "Bado walimu. Imebaki robo moja."

Tulifurahi sana. Tuliyemfundisha kuandika alitufundisha kusubiri. Haraka haraka haina baraka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini maji mengi hayakuiokoa miche iliyoungua?

2. Jani la kivulini na jani la juani yanatofautianaje? Leteni majani darasani mwonyeshane.

3. Katika kijiji chenu, ni mimea gani hupenda kivuli siku zote? Ni ipi huzoea jua?

4. Walimu walimwondolea nani kivuli, na kwa sababu gani? Je, umewahi kuharibu kazi nzuri kwa kutaka kusifiwa? Zungumzeni bila kuchekana.

HESABU

1. Kikundi kilikuwa na miche 400. Ilibaki 120. Mingapi ilikufa?

2. Paa la kitalu lina matawi 40. Kila baada ya wiki 2 unaondoa robo ya matawi yale 40. Kila mara utaondoa matawi mangapi? Yataondolewa mara ngapi mpaka yaishe?

3. Unataka kupanda tarehe 20 Machi. Unahitaji wiki 8, yaani siku 56. Kama Februari ina siku 28, utaanza tarehe gani?

Majibu: 1. Miche 280. 2. Matawi 10, mara 4. 3. Tarehe 23 Januari.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kuatika: kusia mbegu mahali pamoja ili miche ihamishwe baadaye.

Kiriba: mfuko mdogo wa udongo wa kuoteshea mche mmoja.

Matandazo: nyasi au majani makavu yanayofunika udongo ili usikauke.

Kuzoesha: kuutoa mche kivulini kidogo kidogo mpaka uvumilie jua na upepo.

Andika maneno haya manne katika daftari lako. Kisha tunga sentensi moja kwa kila neno, na umsomee jirani yako.